Mawakala wa nyumba mjini Nakuru: kodi wanaikusanya vyema, notisi hawaijui

Kwa miaka mitatu nimewaachia mawakala fulani wa mjini Nakuru usimamizi wa vyumba sita vya kupangisha kule Free Area, pamoja na duka moja linalotazama barabara. Jina lao sitalitaja, ila huduma yao nitaieleza nilivyoiona, kwa kuwa wenye nyumba wengi hukabidhi majengo yao bila kuuliza ni nani atakayeandika notisi siku mpangaji atakapotakiwa kuhama.

Katika ukusanyaji wa kodi sina lalamiko. Kila mwezi napokea hesabu kamili ikiwa na risiti, na ni wao walionieleza kuwa ile kodi ya serikali ya asilimia 7.5, inayotozwa tangu Januari 2024, ni ya nyumba za kuishi tu, na kwamba mapato ya duka hutangazwa kwa njia ya kawaida.

Shida ilizuka dukani. Mpangaji wangu ni mama mwenye hoteli ndogo ya chapati na maharagwe, niliyempangisha kwa mdomo bila mkataba wowote, nami nilikuwa nimeamua kulitumia duka hilo mwenyewe. Mawakala walimwandikia barua ya mistari minne, yenye muhuri mkubwa mwekundu, wakimtaka atoke baada ya siku 30, nao wakanitoza shilingi 8,000 kwa kazi hiyo. Walipaswa kujua kwamba upangaji wa duka au hoteli usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, hulindwa na sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, na kwamba notisi yake huandikwa kwa Fomu A, hutaja sababu inayokubalika kisheria, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Hata ningetaka kumpandishia kodi tu, njia ingekuwa hiyo hiyo.

Lililoniuma zaidi ni kufuli. Zile siku 30 zilipokwisha nilipita pale asubuhi nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya, unga na masufuria yake yakiwa ndani, na yule mama amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwaeleza wateja wake kwamba leo hakuna chai. Niliagiza kufuli litolewe saa ile ile, lakini yeye alikuwa tayari ameshapeleka malalamiko yake kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Barua ilitupwa kwa kuwa batili, nami nikalipa gharama za kesi. Mawakala walinijibu kwamba hivyo ndivyo wanavyowafanyia wapangaji wa vyumba vya kuishi. Jibu hilo lilinitia hofu kuliko kosa lenyewe, maana hata huko kumfungia mtu mlango bila amri ya mahakama si njia ya halali.

Baadaye nilimwendea wakili, akaanza upya. Alijaza Fomu A, akaeleza kwamba ninakusudia kulitumia duka mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kisha akahakikisha mpangaji ameipokea mkononi na kutia sahihi. Sheria ilimpa yule mama mwezi mmoja wa kujibu kama atakubali au atapinga. Alikubali, kwa sababu safari hii alikuwa na muda wa kutafuta mahali pengine, akahama kwa amani na masufuria yake yote.

Vyumba vya kuishi bado viko mikononi mwa mawakala wale wale, kwa sharti nililowaandikia kwamba hakuna notisi itakayotoka kabla wakili wangu hajaisoma. Kwa ukusanyaji wa kodi nawapa alama nne kati ya tano. Kwa shughuli yoyote ya kumtoa mpangaji wa biashara siwapi hata moja, na zile shilingi 8,000 bado nawadai.