Mauser 71 ya risasi moja: tamu kushika, ila ganda unalitoa mwenyewe

Hii Mauser 71, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, nimeipiga ya kutosha kuisemea na jibu langu ni kwamba ni chuma cha heshima, ila ina upungufu mmoja ambao hadi leo unanikera. Ndiyo bunduki waliyokuwa nayo askari wengi wa Mjerumani kwenye vita vya Tanga dhidi ya Waingereza Novemba 1914 japo wenzao jeshini Ulaya walishahamia Mauser 98, ya kisasa zaidi, zamani, yani koloni ilipewa masalia.

Ukiishika kwanza unaona urefu, kama mita 1.35, na kilo nne na nusu hivi, mbele nzito kiasi kwamba ukilenga umesimama muda mrefu mkono wa kushoto unaanza kutetemeka. Kwa kulala au kuegemea kitu ni raha tupu.

Matumizi ni rahisi. Unainua mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, ukiinua tu pini ya kufyatulia inakuwa imeshajikoki, unavuta nyuma, unaweka risasi moja kwa vidole, unasukuma mbele unalaza mkono kulia, basi iko tayari. Sefti, yani kizuizi cha kufyatua, ni kibawa kidogo kule nyuma ya bolti, kinaonekana na kinashikika hata gizani. Hapo Paul Mauser na kaka yake Wilhelm walifanya kazi.

Sasa kero. Bolti inalivuta ganda la risasi iliyopigwa kutoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa, lakini hakuna kitu cha kulirusha nje! Ganda linalala tu pale kwenye mfereji, inabidi upindue bunduki ubavu lianguke au ulichomoe kwa vidole na linakuwa la moto, na ukijisahau ukasukuma risasi nyingine juu yake unakwama hapo hapo. Ukizoea kuvuta na kupindua kwa mpigo mmoja inakuwa kama ngoma, mkono unajua wenyewe, lakini mtu anayekimbiliwa na adui sidhani kama alikuwa anasikia ngoma yoyote.

Moshi nao usiseme. Ni baruti nyeusi, kama gramu 5 nyuma ya risasi ya gramu 25, ukifyatua wingu jeupe linakaa mbele ya macho usione shabaha, na aliye upande wa pili anajua kabisa uko wapi. Pamoja na hayo askari wa Mjerumani walishinda Tanga, na Waingereza walivyorudi melini waliacha mamia ya bunduki za kisasa ambazo askari walizirithi, nadhani hakuna aliyeililia 71 siku hiyo 😂

Teke lake ni la kusukuma bega, sio la kuchoma, hata mtu mwembamba anaweza kupiga bila kuumia.

Ukitaka kununua ya zamani hakikisha kwanza iko tupu, halafu legeza ile skrubu kubwa yenye washa (pete bapa ya chuma) juu ya bolti, bolti itatoka nzima, chungulia mtutu kwenye mwanga. Ukiona vishimo vishimo ujue wenyewe hawakuwa wanasafisha, maana masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma, kila ukimaliza kupiga ni maji ya moto, kukausha, mafuta, siku hiyo hiyo sio kesho. Na tafadhali baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie humo kabisa, chuma hiki hakikutengenezwa kwa presha hiyo.

Mimi naipa nyota nne, ya tano imebaki kwenye lile ganda.