Polycom Group 500: kisanduku kimoja kilichofungua vikao vyetu Mtwara

Msimu wa korosho ukianza, chumba chetu cha mikutano hapa Shangani hakipumziki. Asubuhi tunaongea na vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala kuhusu mnada, mchana Dodoma wanataka taarifa. Mimi ndiye afisa tehama, kwa hiyo mashine ya vikao ikigoma ninaitwa mimi.

Polycom RealPresence Group 500, mashine ya vikao vya video, si mpya. Ilitangazwa 2012, na siku hizi jina hilo liko chini ya HP. Yetu ni ya mtumba. Picha safi, na maikrofoni ya mezani inamdaka hata mzee anayeongea taratibu kule mwisho wa chumba. Hayo muuzaji yeyote atakwambia. Ila hatakugusia ukurasa wa faiwoli (ukuta unaolinda mtandao) kwenye mipangilio ya mashine, na hapo ndipo mashine hii ilipoistahili hela yetu.

Awali simu ilikuwa inaita, Dodoma wanapokea, wanatuona na kutusikia vizuri, halafu sisi tunatazama kioo cheusi. Kisa ni kwamba simu ya H.323, kanuni ambayo mashine hizi hupigiana nayo video, hubisha hodi kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) 1720 ya TCP, moja ya njia za kusafirisha data, kisha mashine mbili zinakubaliana poti nyingine za sauti na picha, na kila simu zinabadilika. Faiwoli ya ofisi haiwezi kubashiri. Kuna fundi alitushauri tuifungulie mashine poti zote. Nilikataa na ningekataa tena, maana mtandao huohuo una kompyuta za wahasibu.

Kwenye ukurasa ule kuna kisanduku cha Fixed Ports. Kitie tiki, na mashine itaanzia poti 3230 kwa TCP na kwa UDP, ile njia nyingine ya data, haizururi tena. Tulifungua TCP 1720, TCP 3230 hadi 3235 na UDP 3230 hadi 3285, basi. Usiubane mno upande wa UDP: sauti, picha, slaidi na amri za kamera kila kimoja huchukua poti mbili, kwa hiyo simu moja tu inakula nane. Ukiunganisha wilaya kadhaa kwa pamoja, piga hesabu hiyo kwanza. Hapohapo jaza anwani ya nje ya ofisi kwenye sehemu ya NAT, yaani ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa ya nje. Na kama raota yako ina msaidizi wa H.323 (kipengele kinachojaribu kurekebisha simu hizi njiani), jaribu kumzima, mara nyingi huvuruga.

Kingine: ruhusu anwani za wenzako tu zifike 1720. Ukiiacha wazi kwa dunia nzima, roboti za mtandaoni zitaipigia usiku kucha. Zima pia kujipokea kwa simu, chumba kisije kikaonekana na wasiohusika.

Wenzangu wa Lindi na Masasi, mkiikuta ya mtumba chukueni, ila hakikisheni ina kamera yake na waya wake wa HDCI, ule wa kuunganisha kamera na mashine. Waya wa HDMI hauchomeki pale.