Uzoefu wangu: kumtafuta mshauri wa ndoa mwenye leseni hapa Houston

Mshauri tuliyempata mwishoni nampa nyota nne, ya tano nimeibania makusudi, ntasema kwanini.

Mi na baba watoto tuko Houston mwaka wa tisa huu, yeye anaendesha lori za masafa mi niko zamu za usiku, tukafika mahali tunaongea kwa meseji tu tena zote za bili. Nyumbani ningeita mashangazi wayamalize, huku shangazi ndo nani? Mtu akatuelekeza kwa kocha wa ndoa. Kocha jamani, utadhani tuna mechi ya Simba na Yanga! Tukatoa dola 200 kabla hata ya salamu, saa nzima naambiwa nivumilie, wiki ya pili mambo yetu nayasikia kwenye besdei ya mtoto wa watu. Kumuuliza leseni, eti ana kipaji.

Kumbe Texas yeyote anaweza kujiita kocha, ila LMFT, yaani mshauri wa ndoa na familia mwenye leseni, hujiiti bila leseni yenyewe, lazima uwe na masta, ufaulu mtihani, na upige saa 3,000 chini ya msimamizi. Na kuhakiki ni bure, unaingia tovuti ya Texas Behavioral Health Executive Council, baraza la jimbo linalosimamia hizo leseni, unaandika jina, inakuonyesha leseni kama iko hai na kama mtu alishawahi kupewa adhabu. Nilipekua majina sita, moja leseni ilishakufa na bado anajitangaza.

Bei sasa. Wenye leseni kamili walinitajia 150 kwenda juu kwa dakika 50, bima yetu ikagoma, ati ugomvi wa mke na mume sio ugonjwa. Tukaangukia kwa LMFT Associate, yaani masta anayo, leseni anayo, anamalizia zile saa tu, dola 70. Nilihofia tutafanyiwa majaribio, wala.

Hakusema nani mkosaji. Alitaka kila mtu kabla hajajibu arudie kwanza alichosikia kwa mwenzie. Baba watoto akasema, "Amesema sisaidii kazi." Nikamwambia sijasema hivyo, nimesema ukirudi unapitiliza kitandani na viatu, mi najiona kama sipo. Akainama akaviangalia vile viatu, muda mrefu tu.

Kasoro: Kiingereza tupu, na mi nikikasirika Kiingereza kinanikimbia. Halafu ile nyota. Siku moja tulipanga kwa video, baba watoto kapaki lori, anaulizwa uko wapi leo, anajibu Oklahoma. Basi, ikaishia hapo, leseni ya mshauri ni ya Texas na mteja akiwa jimbo jingine haruhusiwi kumhudumia, ikabidi tusogeze mpaka wiki ya pili. Sheria naielewa. Ila mi nilishafunga mlango, watoto nimewapeleka kwa jirani, na siku hiyo nilikuwa na la kusema.