Viberiti vya kuwashia bomba la moshi msituni: nilivyovijaribu msimu mzima Mufindi

Kamwene. Ninafuga nyuki Mufindi, upande ule wa ukungu na mashamba ya chai. Nina mizinga 34. Kumi na miwili iko nyuma ya nyumba, iliyobaki iko kwenye msitu wa asili, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu nikipita katikati ya mashamba ya paina. Ninarina jua likizama, maana nyuki wetu ukiwafungulia mchana watakukimbiza hadi barabarani. Bila moshi wa kuwatuliza nyuki, unaotoka kwenye bomba la moshi la mkononi, hurini, na bila kiberiti moshi huupati. Kwa hiyo kitu hiki cha shilingi 100 kwangu ni kifaa cha kazi kama kilivyo kisu au wavu wa uso, na mwaka huu nimekifuatilia kwa makini kuanzia Mei hadi Septemba.

Kilichonisukuma ni jioni moja ya Juni mwaka jana. Manyunyu yalikuwa yanashuka taratibu, yale yasiyokulowesha kwa mara moja lakini ukifika unakuta hata mfuko wa ndani umelowa. Nilikuwa na boksi jipya, nililinunua asubuhi hiyo hiyo. Njiti ya kwanza kichwa kilikatika. Ya pili hivyo hivyo. Kufika ya kumi, ubavu wa boksi ulikuwa unachunika kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto, na njiti nilizobaki nazo, ambazo zilikuwa kavu kabisa, hazikuwa na pa kukwaruzwa. Nilirudi gizani na ndoo tupu, na mizinga mitatu imejaa asali nimeiacha nyuma.

Kesho yake nilirudi kwenye duka lile. Sikwenda kugombana, nilitaka kujua. Katoni ya viberiti ilikuwa imewekwa chini sakafuni, kwenye kona ambako ukuta unavuja. Kwa sababu hiyo sitataja jina la kiwanda chochote hapa. Nimekuta boksi la aina moja likiwaka vizuri kutoka duka hili na likiwa bovu kutoka duka la jirani, tofauti ikiwa ni pale lilipolala miezi miwili.

Nimejifunza kulisoma boksi kabla sijatoa hela. Kwanza ninalitikisa sikioni: njiti kavu zinalia chakachaka, zenye unyevu zinalia kwa uzito kama mahindi mabichi. Kisha ninafungua droo. Ikikwama, karatasi imevimba, ninalirudisha. Ninaangalia vichwa, ninataka viwe mviringo na vimeizunguka njiti pande zote, visiwe vimegandana viwiliviwili. Ninachukua njiti moja na kuipinda kidogo kwa vidole viwili. Nzuri inajikunja kwanza, halafu inavunjika ikiacha nyuzi za mti. Mbaya inakatika moja kwa moja kama chaki, na hiyo ndiyo itakayokurukia na kichwa chake kikiwaka wakati umeinama juu ya majani makavu. Mwisho ninapitisha ukucha ubavuni. Ukitoka unga, basi, sinunui.

Ubavu ndio jambo lenyewe. Viberiti tunavyonunua madukani huku ni vya usalama, maana yake kichwa peke yake hakijitoshelezi. Kichwani kuna potasiamu kloreti na salfa. Fosforasi nyekundu haipo pale, ipo ubavuni mwa boksi, imechanganywa na kioo kilichosagwa. Wazo hilo la kuvitenganisha ni la Msweden Gustaf Erik Pasch, mwaka 1844, na limeokoa nyumba nyingi. Lakini kwa mtu anayetembea kwenye ukungu lina upande wa pili: ukiwa na njiti 200 kavu na ubavu uliolowa, huna kiberiti. Njiti yenye unyevu ukiianika juani mara nyingi inarudi. Ubavu uliochunika haurudi. Watu wengi ninaowaona wanafunga njiti zao kwenye nailoni kwa uangalifu na kuuacha ubavu nje. Mimi siku hizi ninaanza na ubavu.

Nimejaribu boksi dogo la kawaida, boksi kubwa la jikoni lenye njiti nene kidogo, na njiti za kuwaka popote ambazo mgeni aliyekuja kuangalia nyuki aliniachia. Kila aina niliwasha njiti 20 nikiwa nimesimama chini ya paina, manyunyu yakiwepo. Dogo lilinipa moto uliodumu mpaka kuwasha majani mara 13. Lile kubwa mara 18. Tofauti yote ni unene wa mti. Njiti nyembamba inaisha kabla majani ya paina hayajakubali, hasa ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Boksi kubwa lina shida ya kutokaa mfukoni, ila nitaonyesha nilivyoimaliza shida hiyo.

Njiti za kuwaka popote ziliwaka karibu zote, hata kwenye jiwe, hata kwenye mpini wa kisu. Na bado sizitaki. Fosforasi yake iko kichwani pamoja na vingine vyote, hivyo njiti mbili zikisuguana ndani ya begi zinaweza kuwashana. Mtu anayepita kwenye paina mwezi wa Septemba, sindano kavu zimefunika ardhi hadi kifundo cha mguu, hapaswi kubeba kitu kinachoweza kujiwasha mgongoni mwake. Niliziwasha zote nyumbani, jikoni, nikamaliza habari yake. (Na mwenye safari ya ndege kutoka uwanja wa Songwe ajue kwamba hizo haziruhusiwi kabisa kwenye ndege, wala mfukoni wala kwenye begi. Vya usalama kinaruhusiwa kiboksi kimoja kidogo, ukiwa nacho mwilini.)

Kiberiti cha gesi nimekibeba pia. Siku ya kawaida hakina mpinzani. Lakini gesi yake ya butani ikishuka karibu na nyuzi sifuri haitaki tena kugeuka mvuke, na kule juu kwenye uwanda wa Kitulo asubuhi ya Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilikiweka kwapani dakika kadhaa kikaamka. Gurudumu likilowa nalo halitoi cheche. Ninakibeba kama cha pili. Cha kwanza ni njiti.

Sasa nta. Ninayo ya kutosha, ni mavuno yangu mwenyewe, nikaona nijaribu. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo ninaiweka kwenye kopo dogo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, sufuria nimeshaiepua motoni kabla sijaleta njiti karibu. Ninachovya kichwa na nusu ya mti, ninahesabu moja, ninatoa, ninaisimamisha kwenye kipande cha gunzi ipoe. Mara ya kwanza nilizichovya mara mbili zikawa na koti nene. Kosa. Nta nene inapaka ubavu wa boksi mafuta, na baada ya njiti tano ubavu unateleza. Koti jembamba linatosha, na kabla ya kukwaruza ninakwangua ncha kwa ukucha. Njiti niliyoipaka hivyo niliitumbukiza kwenye kikombe cha maji nikanywa chai yangu hadi mwisho, nikaifuta, ikawaka. Halafu nta yenyewe inaendelea kuwaka, kwa hiyo moto unakaa muda mrefu zaidi. Kwa hili nimeridhika kabisa.

Kwenye chombo cha kubebea niliumia. Nilichukua chupa ya plastiki ya vidonge, yenye mfuniko wa kuzungusha, nikajaza njiti, nikakata kipande cha ubavu nikakiingiza humo humo. Nilidhani nimekuwa mwerevu. Njia ya kwetu inapanda na kushuka, begi linaruka, njiti zinacheza, vichwa vinasugua kile kipande. Nilikuwa karibu na kijito niliposikia kishindo kidogo mgongoni kisha harufu. Chupa ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na wavu wangu wa uso umetoboka tundu la ukubwa wa kiganja. Ilikuwa Mei, kila kitu kimelowa. Ingekuwa Oktoba nisingeandika haya kwa utulivu. Huku kwetu moto kichaa hauchagui, unaanza kwenye shamba la mtu mmoja na kumaliza paina ambayo familia nyingine imeilea miaka kumi na mitano ikisubiri ada za watoto.

Tangu siku hiyo ubavu na njiti havilali chumba kimoja. Chupa ni ileile aina, ya mdomo mpana, na njiti nene za boksi kubwa zinaingia vizuri. Zote zinaangalia upande mmoja, vichwa chini, na juu ninashindilia pamba mpaka nikitikisa hakuna sauti. Pamba hiyo ndiyo ninayoiwashia moto siku mambo yakiwa magumu. Vipande viwili vya ubavu ninavikunja, uso wa kukwaruzia ukiwa ndani, ninavifunga kwenye nailoni yao peke yao na kuviweka mfuko wa shati, chini ya sweta. Chupa inakaa mfuko wa pembeni wa begi, mbali na mafuta ya taa, na nyumbani inakaa juu ambako mjukuu hafiki.

Nilijaribu pia mwanzi, pingili moja yenye kizibo cha gunzi, kama mababu walivyofanya. Ni mzuri kuubeba na hauyeyuki. Ukining'inizwa juu ya mafiga unakaa mkavu. Lakini siku tano za ukungu msituni gunzi linafyonza unyevu na njiti za juu zinalegea. Kwa safari ya siku moja ninaupendekeza kwa moyo wote, zaidi ya hapo tumia chupa.

Kuwasha kwenyewe, ninageuza mgongo upande wa upepo, ninapiga magoti, ninakwaruza kuelekea mbali nami, na njiti ikishika ninaielekeza kichwa chini kidogo ili moto upande kwenye mti. Ndani ya bomba, chini kabisa, ninaweka sindano kavu za paina nilizotoka nazo nyumbani, juu yake magunzi yaliyovunjwa, mwisho majani mabichi ili moshi upoe. Njiti iliyotumika siitupi. Ninaishika kichwa kwa vidole vilivyolowa mate, nikiona imepoa ninaivunja na kuirudisha kwenye kopo. Na nikimaliza kurina, mdomo wa bomba ninauziba kwa nyasi mbichi kabla sijapiga hatua moja kurudi kwenye paina.

Mama mwenye duka ninaponunua sasa, pale karibu na stendi ya Mafinga, aliniuliza mbona ninatikisa boksi sikioni kama saa mbovu. Nilimweleza. Wiki iliyofuata nilikuta ameipandisha katoni yake kwenye rafu ya juu, juu ya mifuko ya chumvi. Nikamwambia, "Mama, chumvi inavuta maji." Akaihamisha tena, ikakaa na majani ya chai. Nilinunua maboksi makubwa sita pale Jumamosi, nimeshafungua mawili, na ubavu wake hautoi unga.