Upepo uligeuka, mwongozaji akakataa kugeuza bata bandia

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Msimu huu wa baridi tulikwenda kuwinda bata karibu na Stuttgart, Arkansas, watu wanne tunaofanya kazi pamoja, na tukakodi mwongozaji. Mambo ya leseni, stempu ya bata (kibali cha kuwinda ndege wa majini) na marisau ya chuma utayapata popote, siyaandiki. Nataka kusema juu ya upangaji wa bata bandia, wale wa plastiki wa kuwavuta bata wa kweli, maana hicho ndicho nilicholipia.

Tulifika gizani. Shamba lilikuwa la mpunga uliokwisha vunwa, limejazwa maji ya magotini. Mimi ni mzaliwa wa Delta ya Tana, na harufu ya yale matope ilinirudisha nyumbani, kwenye mpunga ambao utotoni tulishinda tukiufukuzia ndege. Nilifurahi mno. Na kazi ya alfajiri, haki ya Mungu, yule bwana aliifanya kwa ustadi. Upepo ulitoka kusini, akatuweka tuupe mgongo. Kisha akapanga bata wa plastiki kama dazeni tatu kwa umbo la ndoano: tumbo la ndoano mbele ya maficho yetu, mkia mrefu ukienda kule upepo unakoelekea. Ndani ya tumbo akaacha maji matupu. Bata hutua akiukabili upepo. Huufuata ule mkia akiteremka, akatafuta nafasi, na nafasi ndiyo hiyo, mita ishirini na kitu kutoka kwenye bunduki. Kila bata bandia alikuwa na kamba na chubwi yake, hakuna waliogongana. Kwa kazi ile peke yake ningempa nyota tano.

Tukapata watatu mapema. Jua lilipopanda, upepo ukafa. Uliporudi ulikuwa wa baridi kali, na ulitoka magharibi, ukitupiga shavu la kushoto.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kipini. Sihitaji kuambiwa joshi, upande unakotoka upepo, ni wapi, na demani, upande unakokwenda, ni wapi. Lakini hata asiyejua lolote angetazama majini tu: alfajiri wale bata wa plastiki walikuwa wakituangalia sisi, sasa wote wamejizungusha kwenye kamba zao, midomo magharibi. Makundi yakaanza kuja kutoka kulia, yanakunja mbawa vizuri kabisa, halafu yanatua mbali huko pembeni, marisau hayafiki. Kundi la kwanza. La pili. La tatu.

Nikamwambia, "Bwana, upepo umegeuka. Tuuhamishie mkia kulia, ni bata kumi na wawili tu." Hakunitazama. Akasema ana miaka ishirini kwenye kazi hii. Likapita kundi jingine, nikarudia, kwa adabu ileile. Ndipo akageuka, mbele ya wenzangu, akaniuliza kama huko Afrika kuna bata.

Mmoja wetu akacheka. Mimi nilinyamaza, na ule unyamavu ndio unaoniuma mpaka leo. Mtu amelipa dola zake, ameamka saa nane za usiku, amesema jambo la kweli linaloonekana kwa macho, anajibiwa hivyo?

Baadaye mwongozaji akaenda kwenye gari kupiga simu. Kijana wake wa kazi, ambaye asubuhi nzima hakufungua mdomo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Uko sahihi. Twende." Tukaziacha bunduki kwenye maficho, tukaingia majini, tukang'oa chubwi moja moja. Mkia tukaulaza kulia, uwazi ukabaki mbele yetu. Dakika kumi hazikufika. Haukupita muda wakaja wale wa kichwa cha kijani, sita, miguu imeshateremshwa, wakielekea palepale. Tukapata wanne. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo tangu nifike nchi hii.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota tatu. Yule kijana ni hodari na ana heshima, shamba ni zuri, bata wapo. Ukienda, omba uende naye, na nadhani hutajuta.

Lakini mwongozaji aliporudi aliwatazama wale bata wanne, akautazama mkia ulivyohama, akaona wazi. Akawageukia wenzangu akasema, "Si niliwaambia mvumilie?" Kijana akainamia gambuti zake. Wenzangu wakamshukuru. Wakampa na bakshishi!

Nyota moja. Zile tatu nimezifuta. Pesa yangu sidai, na msamaha wa lile neno la Afrika najua sitaupata. Nataka akiri jambo moja tu, mbele ya watu walewale: kwamba upepo uligeuka, na niliyemwambia ni mimi.