Ryzen 5 5600 au 7600: ubane matumizi wapi?

Kwa hesabu ya juu juu, prosesa (ubongo wa kompyuta) hizi mbili za AMD ni ndugu: kila moja ina koa 6 (vitengo vya kufanya kazi), nyuzi 12 (kazi inazobeba kwa wakati mmoja) na wati 65. Kinachozitenga ni bei, tena si ya prosesa peke yake.

5600, iliyotoka 2022, inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4 na kutumia ramu (kumbukumbu ya muda) ya DDR4. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na ramu za aina hiyo utazipata hata za mtumba, na hapo ndipo unapookoa pesa. Ukinunua 5600 iliyotumika, igeuze uimulike kwa tochi ya simu: pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na moja iliyopinda inatosha kuizuia isiingie. Kwenye 7600, ya 2023, pini zimehamia kwenye mazabodi, basi kagua huko.

7600 ina kasi zaidi, lakini inataka soketi ya AM5 na ramu ya DDR5. Ramu yako ya zamani haitaingia, hata mkato wake uko mahali tofauti. Ila 7600 ina jambo moja ninalolipenda sana: ina grafiki (sehemu ya kutoa picha kwenye skrini) ndani yake. Unawasha kompyuta leo, kadi ya picha unainunua mwezi ujao. 5600 bila kadi, skrini inabaki nyeusi.

Kwa anayecheza kwenye skrini ya 1080p, mimi ningechukua 5600, kisha kilichobaki chote nikiongeze kwenye kadi ya picha, maana ndiyo inayobeba mchezo. Pawa saplai tu, kile kifaa cha kugawa umeme, usiibanie pesa.