Roboti ya stendapu: imetufaa, lakini si kwa maswali iliyokuja nayo

Stendapu ni kikao kifupi cha kila siku ambapo timu inapeana taarifa za kazi. Nimeitumia roboti ya stendapu muda wa kutosha kujua inachokiweza na kinachoishinda. Ni huduma inayounganishwa na programu ya gumzo la timu. Kila asubuhi ya siku ya kazi humwandikia kila mmoja faraghani, humuuliza maswali matatu, kisha hukusanya majibu na kuyabandika kwenye chaneli ambako wote wanayasoma. Ziko nyingi za aina hii na zinafanana sana, kwa hiyo haya yatamfaa hata atakayechagua nyingine.

Tuliichukua kwa sababu kikao chetu cha asubuhi kilikuwa kimekufa. Mtu anamtazama kiongozi wa timu, anataja aliyoyafanya jana, anataja ya leo, anasema hana kikwazo, zamu inahama. Wakati huo wenzake wanapanga kichwani watakachosema zao zikifika, kwa hiyo hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Dakika 15 zinafika nusu saa. Halafu mchana inagundulika kwamba wawili wamebadilisha jedwali moja la hifadhidata bila kuambiana, na asubuhi wote walikuwepo!

Nianze na sifa, maana zipo. Waliokuwa wakimezwa na wasemaji hodari sasa wanaandika, na wanaandika vizuri. Aliye upande mwingine wa dunia anaulizwa kwa saa zake, haamshwi usiku. Majibu pia yanabaki: ukitaka kujua ni lini tulianza kuhangaika na seva ya majaribio, unatafuta tu kwenye chaneli na kuipata siku yenyewe. Kuiunganisha na gumzo letu hakukuhitaji utaalamu wowote.

Sasa maswali. Huduma inakuja na yale matatu ya zamani: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, una kikwazo gani? Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waandishi wa mwongozo wa Scrum (utaratibu wa kuendesha kazi ya timu kwa awamu fupi), waliyafanya ya hiari katika toleo la 2017, na katika toleo la Novemba 2020 wakayaondoa kabisa. Kilichobaki ni kwamba kikao ni cha wale wanaoijenga bidhaa, hakizidi dakika 15, kinafanyika saa ileile na mahali palepale kila siku ya kazi, na kazi yake ni kuangalia kama timu inalisogelea lengo la sprinti, yaani awamu moja fupi ya kazi, na kurekebisha mpango pale inapobidi. Mtindo wa mazungumzo wanajichagulia wenyewe. Kwa hiyo inanisikitisha kuona huduma nzuri hivi bado inamkabidhi mteja mpya maswali yaliyokwisha kuachwa. "Jana ulifanya nini" ni swali linalomfanya mtu ajieleze kana kwamba anashukiwa uvivu. Anaorodhesha hata barua pepe alizojibu.

Bahati nzuri maswali yanabadilika kirahisi kwenye mipangilio, na hapo ndipo thamani ya fedha tunayolipa ilipoanza kuonekana. Tuliweka haya: Ni kazi gani iliyo karibu zaidi kumalizika, na imebakiza nini? Unamsubiri nani, au unasubiri nini? Leo utagusa sehemu gani ya mfumo ambayo na mwenzako anaweza kuwa anaigusa? Majibu yalibadilika sura. Badala ya "naendelea na tiketi ya malipo" (tiketi ni kazi moja iliyoandikwa kwenye ubao wa timu) tukaanza kusoma "tiketi ya malipo imekamilika upande wangu, inasubiri mapitio ya msimbo tangu juzi", yaani mwenzake hajaikagua programu aliyoiandika. Sentensi kama hiyo mtu anaweza kuifanyia kazi papo hapo. Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu migongano ya kuunganisha matawi, yaani nakala za msimbo ambazo kila mmoja anazibadilisha kivyake, inaonekana kabla haijatokea.

Kinachoishinda roboti ni mazungumzo. Kwa muda tulijaribu kuacha kikao cha ana kwa ana na kutegemea maandishi peke yake. Watu waliandika bila kukosa, ila kusoma kukapungua. Mmoja aliandika asubuhi kwamba amekwamishwa na ruhusa za seva, na ujumbe ukakaa pale hadi jioni, ilhali mwenye kumpa ruhusa hizo alikuwa mtandaoni siku nzima. Kwenye kikao angeinua mkono tu.

Basi kikao kilirudi, kifupi, na kikabadilika mwelekeo. Majibu ya roboti yanasomwa kabla. Tukikutana tunafungua ubao wa kazi, ambao kila safu yake ni hatua moja ya kazi, na kuupitia kuanzia safu ya kulia, zilipo kazi zilizokaribia kwisha, tukirudi kushoto, kama zinavyofanya timu nyingi za Kanban, mtindo wa kuendesha kazi kwa ubao kama huo. Hatuulizi fulani amefanya nini. Tunauliza tiketi hii inahitaji nini ili itoke leo. Mjadala unaowahusu watu wawili unaandikwa pembeni, nao wanabaki kuumaliza wengine wakishaondoka.

Faida yake inaonekana hata kwa hesabu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni inayobeba jina lake: kwa wastani, muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni sawa na idadi ya kazi zilizomo kugawanywa kwa kasi ya kuzimaliza. Timu yenye kazi 10 mkononi, inayomaliza 2 kwa siku, kila kazi itachukua wastani wa siku 5. Wakibaki na kazi 6 kwa kasi hiyohiyo, ni siku 3, na hakuna aliyeongezewa saa za kazi. Kwa hiyo anayefungua tiketi mpya huku tatu zikisubiri mapitio anairefusha foleni ya wote. Maswali ya zamani yalikuwa yakimsifu mtu huyohuyo, kwa kuwa kila siku ana jipya la kutaja.

Kuna kipengele kimoja ambacho napinga kwa nguvu zote kukiwasha: ripoti ya ushiriki, inayowaonyesha wakubwa nani alijibu na nani hakujibu. Kwetu ilianza kusomwa kama daftari la mahudhurio, na majibu yakawa marefu na matupu. Tulipoizima, ukweli ulirudi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Timu ndogo inayokaa chumba kimoja haihitaji kuinunua, ubao na nidhamu ya kuupitia kutoka kulia vinawatosha. Timu iliyotawanyika kwenye majira tofauti ya saa naishauri ichukue, mradi ibadilishe maswali siku ya kwanza na kubakiza hata mkutano mfupi wa sauti kwa wale ambao saa zao zinakutana.

Nyota ya tano naiweka akiba. Roboti tayari inaweza kubandika kiungo cha tiketi kwenye jibu, lakini haiangalii ubao wenyewe. Nimewaandikia watengenezaji kuomba iione tiketi ambayo haijasogea kwa siku kadhaa na kuuliza juu ya hiyo kwanza, kabla ya kumuuliza mtu yeyote juu ya siku yake.